Kuzalisha minyoo wa kuua sota kwenye pipa: mfugo wako ni bakteria

Mkuu, umesema uko Uyole, una pipa la chuma cha pua la lita 200 lenye mota ya kukorogea, na unataka kuzalisha minyoo wa kuua sota (viwavi wanaokata miche) kwenye viazi. Hiyo mota ing'oe kwanza, halafu tuongee.

Minyoo hawa (Steinernema na Heterorhabditis, si wale wanaoharibu mizizi ya nyanya) hawaui peke yao. Mnyoo mchanga anayetafuta mdudu amebeba bakteria tumboni: Steinernema hubeba Xenorhabdus, Heterorhabditis hubeba Photorhabdus. Akiingia ndani ya mdudu anawaachia, mdudu anakufa kwa siku moja au mbili, minyoo wanakula ule uji wa bakteria na kuzaana humo humo. Kwenye pipa ni hivyo hivyo. Nimefanya kazi hii kwenye maabara ndogo hapa Mbeya, na karibu kila bechi niliyoona ikiharibika, iliharibikia kwa bakteria.

Chakula ni unga wa soya, dondoo ya hamira, kiini cha yai, mafuta ya kula na chumvi kidogo. Sisi tulitumia ya alizeti. Weka bakteria kwanza kwenye joto la 25°C, waache siku moja hadi moja na nusu, ndipo uingize minyoo. Usibadili mpangilio huo: mnyoo mchanga yuko kama amelala, na haamki mpaka asikie dalili za bakteria wake. Heterorhabditis ndio wasumbufu zaidi. Kwenye uji wa maji wengine huamka leo, wengine keshokutwa, bechi nzima inapishana umri.

Sasa mota. Bakteria na minyoo wote wanataka oksijeni nyingi, lakini pangaboi likizunguka kwa kasi linakata majike waliobeba mayai. Dume wa Steinernema naye hujiviringisha kwa jike ili ampande. Ukikoroga kwa nguvu unawatenganisha. Kwa hiyo simamisha bomba katikati ya pipa, puliza hewa safi kutoka chini: uji unapanda ndani ya bomba na kushuka pembeni polepole. Povu litakuja tu, na likilowesha kichujio cha hewa, vijidudu vya nje vimepata mlango. Weka matone ya dawa ya silikoni ya kuzuia povu mapema. Pampu iwe na betri, maana TANESCO hawapigi hodi, na baridi ya Juni huku inahitaji hita.

Jambo ambalo mtu wa Dar hatakuambia: kwa mwinuko wetu wa mita kama 1,700, maji huchemka kwenye 94°C hivi. Jiko la presha la pauni 15, la kuua vijidudu kwenye uji kabla hujaweka bakteria wako, halifiki 121°C inayotakiwa, linaishia karibu 118°C. Ongeza muda wa kuchemshia, hasa kwa uji mzito wenye soya.

Kabla ya kila bechi, pandisha bakteria kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye rangi ya bromothimoli bluu pamoja na kemikali ya TTC. Wazuri hufyonza rangi hiyo ya bluu. Wakianza kutoka wekundu, wamegeuka hali ya pili. Minyoo hawazaani vizuri juu yao, usiendelee nao.

Kama ni ekari moja tu, usijisumbue bado. Kiwango cha kawaida ni minyoo bilioni 2.5 kwa hekta, yaani bilioni moja kwa ekari. Ukiwazalisha ndani ya viwavi hai badala ya pipa, kiwavi mmoja wa nondo wa nta akitoa laki moja, unahitaji viwavi elfu kumi. Uji mzuri ukitoa laki moja kwa mililita, lita 10 zinatosha ekari hiyo. Pipa lako ni la ekari 20, na minyoo hawatunziki muda mrefu hata kwenye friji. Una wateja wa ekari hizo? Ukiwa nao, ongea na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kabla ya kuuza. Huku ukisubiri, jifunzie kwenye chupa za mililita 250, hata kwa mashine ya kutikisia ya kuazima.