Baiskeli Kando ya Danube: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mwanangu anayeishi Ujerumani amenilipia safari ya meli katika mto Danube, kutoka Passau hadi Budapest. Siku moja abiria wanaotaka wanashuka Melk, Austria, na kuendesha baiskeli mpaka Dürnstein, ambako meli inawasubiri. Nina miaka 58 na baiskeli niliiacha zamani. Nitaweza? Nichukue ya umeme? (Mama wa Tanga)

JIBU: Shikamoo mama. Umbali usikutishe. Ni kama kilomita 30 za njia ya lami, karibu yote tambarare. Kwa mwendo wa kilomita 13 hadi 15 kwa saa, pamoja na mapumziko, zinatosha saa tatu. Tena unashuka na mto kuelekea mashariki, na upepo wa bonde hilo la Wachau mara nyingi hutoka magharibi, kwa hiyo utakupiga mgongoni. Wanaopandisha kutoka Budapest huendesha kinyume, Dürnstein kwenda Melk, na upepo huohuo unawapiga usoni. Hao ndio tunaowahimiza wachukue ya umeme.

Kinachoangusha watu ni breki. Baiskeli nyingi za kwetu zinafuata desturi ya Kiingereza: breki ya mbele iko mkono wa kulia. Austria kwa kawaida iko kushoto. Mtu akishtuka huminya kwa nguvu mkono wa kushoto akidhani ni breki ya nyuma, gurudumu la mbele linakaba, naye anarushwa juu ya usukani. Kwa hiyo pale gatini, kabla hujapanda, isukume baiskeli taratibu ukiminya breki moja baada ya nyingine, uone gurudumu lipi linasimama. Kisha inua gurudumu la nyuma uzungushe pedali kinyumenyume. Zikigoma, ujue kuna breki nyingine ya kukanyaga nyuma, na ukiwa njiani usizirudishe pedali kwa mazoea.

Kiti nacho kina kipimo chake. Ukikaa, kisigino kikiwa kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kulalia upande. Kikiwa chini mno, magoti yataanza kuuma hata kijiji cha Spitz, kilicho njiani, hujafika. Lakini kwa kuwa umekaa muda mrefu bila kuendesha, kishushe sentimita mbili hivi ili vidole vya miguu viguse ardhi unaposimama. Ukichangamka, kipandishe.

Ya umeme ni nzuri, ila ina uzito unaokaribia kilo 25, na msaada wa mota hukatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Anza na msaada wa chini kabisa. Ukisimama, usiache mguu umeegemea pedali, maana baadhi hushtuka na kuruka mbele kwa mkanyago mdogo tu. Hapo ndipo wageni wengi huanguka, wakiwa hata hawajaondoka gatini.

Na kumbuka, kule wanashika kulia. Ukiwa katika kundi hutasahau. Utasahau unapoondoka peke yako baada ya kupumzika, au unaposhuka kwenye kivuko.

SWALI: Tupite ukingo upi? Na meli ikituacha? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Gati la Melk liko ukingo wa kusini. Mwongozaji akiwapa hiari, vukeni daraja mwende Emmersdorf, mfuate ukingo wa kaskazini. Kuna magari zaidi, lakini ndiko viliko vijiji: Willendorf, ambako mwaka 1908 ilichimbuliwa sanamu ndogo ya mawe ya mwanamke, yenye urefu wa sentimita 11, halafu Spitz na Weißenkirchen, katikati ya mizabibu na miti ya aprikoti, tunda dogo la rangi ya chungwa linalovunwa Julai. Wanaotaka utulivu wabaki kusini, kisha wavuke Arnsdorf kwenda Spitz. Kivuko cha hapo hakitumii injini: kimefungwa kwenye kamba ya chuma iliyovutwa juu ya mto, nahodha anakiweka mshazari, na mkondo wenyewe unakisukuma hadi ng'ambo.

Mkondo una nguvu kwa sababu kati ya Melk na Krems hakuna bwawa. Kwa sababu hiyohiyo kina cha maji hubadilika, na maji yakizidi au yakipungua meli inaweza kuhamishiwa gati la Krems, kilomita saba hivi mbele ya Dürnstein. Kabla ya kuondoka andikeni namba ya simu ya meli kwenye karatasi, muulize na gati la akiba. Mkichelewa kabisa, Krems kuna treni ya kwenda Vienna, safari ya takribani saa moja. Pasi ya kusafiria na pesa kidogo viwe mfukoni, visibaki chumbani.

SWALI: Mimi huvaa baibui. Itawezekana? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Itawezekana, dada. Omba baiskeli yenye fremu ya chini, isiyo na bomba la juu, iliyofunikwa cheni na yenye kinga ya nguo kwenye gurudumu la nyuma. Vaa suruali ndani, chagua baibui lenye mpasuo au vifungo mbele, na ukusanye pindo kwa bendi ya mpira juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia, upande wa cheni. Ncha za mtandio zichomeke ndani. Helmeti huvaliwa juu ya ushungi mwembamba usio na fundo wala pini nyuma, kwani fundo huisukuma helmeti mbele ikafunika macho.