Kabla hujamchoma panya sindano ya lipidi na jeni

Wanafunzi wanaoanza kazi hii ya kuingiza jeni ndani ya seli kwa kutumia lipidi, yaani molekuli za mafuta, huniuliza swali moja: mbona kwenye sahani ya maabara seli zote ziliwaka kwa jeni ya mwanga tuliyoziingizia, lakini kwa panya hakuna kitu? Jibu langu halibadiliki. Sahani haina damu inayozunguka, haina ini wala wengu. Lipidi iliyofanya vizuri mle haijakuahidi chochote ndani ya mnyama.

Mwaka 1987 Philip Felgner na wenzake walionyesha kwamba lipidi yenye chaji chanya hushikana na DNA na kuiingiza ndani ya seli. Wengi tumeifuata njia hiyo kwa kuwa haihitaji virusi na plasmidi, yaani duara la DNA linalobeba jeni, inaweza kuwa kubwa. Lakini chaji ileile inayokubeba kwenye sahani ndiyo inayokuponza kwenye mshipa. Protini nyingi za damu zina chaji hasi, hivyo huigandia. Vifurushi hivyo vya lipidi na DNA vinashikamana, na vingi hunaswa kwenye mishipa midogo ya mapafu, ambayo ndiyo ya kwanza kukutana navyo vikitoka kwenye mshipa wa mkia, tunakochoma sindano. Kama unataka mapafu, umepata. Kama unataka ini, chagua lipidi inayobadili chaji kulingana na pH, kipimo cha asidi: kwenye damu yenye pH 7.4 karibu haina chaji, ila ikishamezwa na seli na kukuta asidi ndani ya endosomu, kifuko kinachobeba kilichomezwa, inakuwa chanya, inavuruga utando na kuachia mzigo. Chembe za aina hii zikiwa kwenye damu huvikwa protini iitwayo ApoE, na seli za ini huzipokea kwa mlango uleule wa kupokelea mafuta. Patisiran, dawa ya kuzima jeni ndani ya ini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, inategemea mlango huo.

Kwa hiyo amua kwanza kiungo, ndipo uchague lipidi. Nimeona watu wakianza na lipidi iliyobaki kwenye friji, na wanyama ndio wanaolipa gharama.

Sasa kichupa chenyewe. Ukichanganya DNA na liposomu (viputo vidogo vya lipidi) zenye chaji chanya, fanya hivyo kwenye glukosi ya asilimia 5, si kwenye maji ya chumvi. Chumvi hufifisha chaji zinazofanya vifurushi vikwepane, navyo huanza kukua ukiviangalia. Mimi huinua kila kichupa kwenye mwanga kabla ya kuvuta sindano. Ninachotafuta ni ukungu hafifu, wa rangi moja kuanzia juu hadi chini. Nikiona vipande vyeupe vinaelea, hata kimoja, kichupa chote kinamwagwa, hata kama plasmidi ilinichukua wiki nzima kuiandaa. Kipande hicho kinaweza kuziba mishipa ya mapafu na kumuua mnyama mbele yako kwa dakika chache. Macho peke yake hayatoshi: pima ukubwa wa vifurushi kwa mashine siku hiyohiyo ya kuchoma, usitegemee kipimo cha juzi.

Plasmidi hukuzwa ndani ya bakteria, kwa hiyo hakikisha umeondoa endotoksini, sumu inayotoka kwenye ukuta wa bakteria. Ikibaki, panya atavimba ndani na kuugua, nawe utadhani lipidi ndiyo sumu. Siku zote weka kundi linalopata lipidi tupu, na jingine linalopata plasmidi isiyo na jeni yako. Bila makundi hayo huwezi kusema lolote kuhusu madhara.

Kuchoma kwenyewe, baada ya kibali cha kamati ya maadili ya wanyama, hakuhitaji nguvu. Pasha mkia joto hadi mshipa ujitokeze, ondoa mapovu ya hewa, na kwa panya wa gramu 20 usizidishe mikrolita 200. Sindano ikiwa ndani ya mshipa, dawa inaenda bila kukataa na mshipa unapauka kwa muda. Ukihisi ugumu, au ngozi ikavimba, uko nje ya mshipa. Acha hapohapo, usisukume ili umalize, na uandike kwenye daftari kwamba mnyama huyo hakupata dozi kamili.

Halafu kuna suala la muda. Kama mzigo wako ni mRNA, nakala ya jeni ambayo seli husoma ili kutengeneza protini, husomwa mara ifikapo nje ya endosomu, kwa hiyo mwanga wa lusiferasi, protini inayotoa mwanga, kwenye ini utafute baada ya saa 4 hadi 6. DNA lazima ifike kwenye kiini cha seli, na seli za ini la mnyama mzima hazigawanyiki sana, basi usishangae ikichelewa na kuwa hafifu zaidi.

Kama unapanga dozi ya pili, fikiria PEG, polima inayofunika uso wa chembe ili zisishikamane. Dozi ya kwanza inaweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili dhidi yake, na ukirudia baada ya wiki moja hivi chembe huondolewa kwenye damu haraka mno. Siku ya kurudia, wachome pia panya ambao hawajawahi kupata chembe hizo, kutoka kichupa kilekile, uwalinganishe.