Maswali ya Wasomaji: Taarabu za Kwetu, Marafiki wa Mbali

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wana wa Lamu na Malindi walio ng'ambo, na kwa jamaa zao waliobaki nyumbani na masanduku ya kanda. Tumechagua tano.

Wimbo umo kichwani, jina sina

*Salaam aleikum. Kwetu ni Langoni, Lamu. Sasa naishi Toronto. Nimeingia kundi la WhatsApp la wapenzi wa taarabu za zamani. Watu wenyewe wakarimu, lakini kila nikiulizia wimbo mmoja uliokuwa ukipigwa maharusini, ama napata kimya ama kila mtu anataja wake. Programu ya simu ya kutambua nyimbo nayo haioni kitu. Nifanyeje?*

Waalaikum salaam, dada. Tuanze na hiyo programu. Kazi yake ni kulinganisha sauti unayoichezea na rekodi zilizotolewa rasmi. Taarabu nyingi za mwambao wetu zilienea kwa kanda zilizorekodiwa papo hapo harusini, zikarudufiwa madukani na kupita mkono kwa mkono. Hazimo katika hazina yake. Hata wimbo uliomo, kanda ikizunguka mbio kidogo kuliko inavyotakiwa, programu hupotea.

Watu hawapotei namna hiyo, mradi uwape pa kushika. Ukisema "wimbo wa harusi, mwanamume, sauti nzuri", umetaja nyimbo mia. Anza na maneno. Taarabu za kale ni mashairi, na mara nyingi mshororo huwa na mizani 16, nane kwa nane, wenye kina cha kati na cha mwisho. Kibwagizo ukikikumbuka, kiandike kama ulivyokisikia hasa, hata kama neno moja hulielewi. Usilisanifishe. Mwimbaji aliyeimba kwa Kiamu alisema "ndia" na "yua". Aliyenakili maneno mahali pengine huenda akaandika "njia" na "jua". Kwa hiyo unapotafuta katika ujumbe wa zamani wa kundi, jaribu yote mawili.

Kisha taja ala. Udi ukitawala, wenzako wataanza na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya makao Mombasa. Mahadhi yakiwa ya filamu za Kihindi, watamfikiria Juma Bhalo. Tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, ikilia chini ya sauti ya mwanamke, wengi watamtaja Zuhura Swaleh kabla ya mwingine. Ongeza ulikousikia, na takriban miaka gani. Mwisho, jirekodi ukiuimba au kuuvumisha kwa sekunde 20, ukianzia kibwagizo. Sauti yako si kitu. Mahadhi ndiyo yanayotafutwa.

Ukijibiwa, usiishie kwenye "ahsante". Sikiliza wimbo wote, uandike maneno yake beti kwa beti, uyarudishe kundini na alama ya kuuliza pale ambapo hukusikia vizuri. Tunalisisitiza hili kuliko yote. Atatokea mtu wa Mkomani au wa Muscat akujazie ule mshororo uliokushinda, na kuanzia hapo mna kazi ya pamoja. Urafiki wa makundi haya huota hapo, si kwenye salamu za asubuhi zenye picha za maua. Na ukishajua shairi ni la nani, mfuate mtunzi badala ya mwimbaji. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, kwa mfano, aliandika mashairi ambayo Zein aliyatia mahadhi. Ukimfuata Nabhany utafika kwenye nyimbo ambazo jina la mwimbaji peke yake lisingekufikisha.

Sanduku la kanda za mama

*Niko Shela, Malindi. Kaka yangu yuko Doha na anataka kanda za mama ziingizwe kwenye kompyuta ili azipeleke kwa wenzake wa kundi la taarabu. Zimekaa kabatini miaka mingi. Nyingine zina unga mweupe. Nianzie wapi?*

Anza na huo unga, kwa sababu ni kuvu. Unyevu wa pwani huukuza. Kanda yenye kuvu usiitie kwenye redio kaseti: itachafua mashine, na mashine itaambukiza kanda nyingine. Zitenge kwenye mfuko wake umpelekee fundi anayejua kuzifungua na kuzipangusa. Zilizo safi endelea nazo.

Kabla ya chochote, vunja vile vijino viwili vilivyo kwenye ukingo wa nyuma wa kila kanda. Vikishavunjika, mashine haikubali kurekodi juu yake. Nyimbo nyingi zilifutika hivyo, kwa mtoto kubonyeza kitufe chekundu.

Tazama pia kama kile kipande kidogo cha sponji, katikati pale utepe unapopita wazi, bado kipo. Kikibanduka, utepe haugusi vizuri kichwa cha kusomea na sauti hufifia na kurudi. Sponji ya kanda tupu yenye skrubu huweza kuhamishwa. Kanda ambayo haijaguswa miaka mingi ipeleke mbele hadi mwisho, uirudishe nyuma hadi mwanzo, ndipo uicheze. Kujizungusha huko huachanisha tabaka zilizogandana.

Safisha kichwa cha mashine, ambacho mafundi hukiita hedi, kwa kijiti cha pamba kilicholoa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Pangusa mpaka pamba itoke nyeupe, kisha ngoja ikauke. Kile kigurudumu cha raba kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji, maana spiriti hukausha raba.

Hatua inayorukwa na wengi ni ile skrubu ndogo iliyo pembeni mwa hedi. Inapanga mwinamo wa hedi, na kanda iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine huwa haikuoana na yako: sauti inatoka nzito, kama imefunikwa blanketi. Tia alama ya wino mahali skrubu ilipo, cheza kanda, halafu geuza kwa bisibisi taratibu, kwa kiasi kidogo mno, ukisikiliza vikengele vya rika, lile tari dogo. Vitakuja karibu, vitang'aa, kisha vitaanza kufifia tena. Rudi pale vilipong'aa zaidi. Fanya hivyo kwa kila kanda, na ukimaliza rudisha kwenye alama.

Sasa waya. Simu haifai, kwa sababu tundu lake la maikrofoni hupokea upande mmoja tu wa sauti. Tumia kompyuta na kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini, na waya wa milimita 3.5 kutoka kwenye tundu la headfoni la redio. Programu ya Audacity ni ya bure. Rekodi kwa kHz 44.1, biti 16, pande mbili, na uweke sauti ili vilele vyake vifike karibu desibeli 6 chini ya sifuri. Vikigonga sifuri, sauti huchanika na haitengenezeki. Kanda ya dakika 60 itakuchukua dakika 60 kamili, hakuna njia ya mkato.

Faili ya WAV hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, yaani zaidi ya 600 kwa kanda hiyo. Hiyo ndiyo nakala ya kuhifadhi, tena mahali pawili. Ya kutuma fanya MP3 ya kilobiti 192. Kanda nzima itakuwa chini ya megabaiti 90. Mwambie kaka aitume kama dokyumenti. Akiicheza redioni na kuirekodi kama ujumbe wa sauti, WhatsApp huiminya kwa kipimo cha mazungumzo, na udi hugeuka bati.

Jambo moja la kasi. Kama sauti zinaonekana nyembamba au nzito kupita kawaida, pima kwa programu ya kutunia ala, lakini pima kwenye kodiani au kinanda, usipime kwenye udi. Udi hukazwa kufuata koo la mwimbaji, kodiani haibadiliki. Noti zote zikipanda au kushuka kwa kiasi kilekile, kosa ni la mashine. Rekebisha kwenye nakala, ya asili uiache.

Jina la faili liwe na mwimbaji, mshororo wa kwanza, mahali na mwaka. Usichokijua andika "haijulikani". Kisio likiingia kundini bila alama, baada ya mwezi linarudi kwako kama hakika.

Saa ya kusikiliza pamoja

*Tuko London, Dubai na Lamu. Tunataka siku moja kwa juma tusikilize pamoja.*

Saa tatu za usiku Lamu ni saa nne Dubai, na London ni saa moja usiku wakati wa kiangazi, au saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi wanaporudisha saa nyuma. Shikeni saa ya Lamu, maana haibadiliki mwaka mzima. Tumianeni faili mapema, kila mtu acheze yake kwa ishara moja, na maoni yaandikwe. Kucheza wimbo kupitia simu ya kundi huharibu sauti, kwa sababu simu huchuja kila isichodhani ni maneno ya mtu.

Rafiki ameanza kuomba

*Nina rafiki wa kundini, tumebadilishana nyimbo kwa muda mrefu, hatujaonana. Sasa anasema ana kanda adimu lakini mwenye nayo anataka pesa, nimtumie kwa M-Pesa. Na nikija Lamu kwa Maulidi anataka tuonane.*

Omba kwanza dakika moja ya kanda hiyo na picha ya kanda yenyewe ikiwa juu ya karatasi yenye tarehe ya leo. Mwenye kanda kweli hana shida na hilo. Akikasirika, usitume. Kulipia kazi ya fundi ni sawa, lakini mlipe fundi mwenyewe.

Kuonana ni jambo jema. Maulidi ya Riyadha huwa mwishoni mwa Mfungo Sita (Rabiul Awwal), na mji hujaa wageni, basi panga mapema. Mkutane Mkunguni, mbele ya ngome, mchana, na uende na ndugu yako. Akiwa mtu wa heshima naye atakuja na wake.

Je, niziweke YouTube?

*Kanda za harusi yetu ya 1988 zina mwimbaji mashuhuri. Kundi linanisihi niziweke wazi.*

Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Yako italindwa hadi mwisho wa 2038. Shairi na mahadhi hulindwa miaka 50 baada ya kufariki mtunzi. Tafuta familia ya mwimbaji na ya mtunzi, uombe ruhusa kwa maandishi.

Zaidi ya sheria, sikiliza kanda yote mwenyewe kwanza. Kama ni ya kikao cha wanawake, wale waliopiga vigelegele na kutajana majina walikuwa faraghani, na wengi wako hai. Waulize. Wakikataa, toa nakala ya nyimbo pekee kwa walioridhia, na sehemu nyingine ibaki nyumbani.