Nguo za kusafiri kwa tanga kwenye baridi: usianze na jaketi

Mkuu, umeuliza ununue jaketi gani la kuzuia maji kabla ya safari yako ya kwanza ya tanga msimu wa baridi. Jaketi zuri nilikuwa nalo safari yangu ya kwanza, na bado meno yaligongana.

Ndani nilivaa fulana ya pamba na jinzi. Tulipopandisha tanga nilivuta kamba mpaka jasho likanitoka. Kisha nikapewa usukani, nikakaa saa mbili bila kusogea. Fulana iliyolowa jasho ikanigandia mgongoni, ilhali jaketi halikuingiza hata tone. Pamba ikishalowa hukauka kwa shida na joto haishiki tena. Siku hizi navaa sufu nyembamba au poliesta. Sufu naipenda zaidi: hata ikiwa na unyevu hutunza joto, na hainuki upesi. (Ya poliesta, siku ya tatu wenzako watakwambia.)

Juu yake vaa sweta mbili nyepesi badala ya moja nzito. Moja uivue kabla ya kazi ya kamba, uirudishe kabla hujaanza kutetemeka.

Sasa jaketi. Liwe na ukosi unaofika puani na libane kwenye vifundo vya mikono, maana ukiinua mkono kushika kamba iliyolowa, maji huteremka nayo mpaka kwapani. Lijaribu ukiwa na sweta zote, halafu uchuchumae.

Glavu zimenishinda. Zilizo wazi vidoleni zinafaa kwa mafundo ila vidole hufa ganzi. Nene ni za kushikia usukani tu. Nabeba jozi tatu. Buti ziache nafasi ya soksi nene, zikibana damu haifiki.

Ukitumbukia, maji huondoa joto mwilini kwa kasi takriban mara 25 kuliko hewa. Dakika ya kwanza ni kuhema ovyo, na baada ya kama dakika 10 vidole havikutii tena. Jaketi okozi la kujaza hewa livaliwe juu ya nguo zote. Likijaa ndani ya jaketi lingine litakubana kifua. Kama chombo chenu ni kidogo na hupinduka mara kwa mara, vaa suti isiyopitisha maji yenye mpira shingoni na kwenye vifundo vya mikono, na sufu ndani, kwa sababu suti hiyo yenyewe haina joto.

Ukirudi, suuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikibaki kwenye kitambaa hunyonya unyevu, na safari ijayo utavaa nguo zilizokataa kukauka.