Mama akae nje kwanza

Karibu kliniki, mdogo wangu. Mnaokuja kwetu mmeshaisoma methadoni, dawa wanayopewa wenye uraibu wa heroini, yaani unga, na mnajua kuwa Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011. Kitu ambacho chuo hakikukufundisha ni namna ya kumtoa mama wa mtu chumbani bila kumvunjia heshima.

Mimi nilijifunza vibaya. Mwaka wangu wa kwanza aliletwa kijana wa miaka 19, amekonda, kamasi zinamchuruzika, anapiga miayo mfululizo. Arosto hiyo, mwili unaudai unga, wala huhitaji kipimo. Mama yake alikaa katikati yetu. Nikauliza, "Zaidi ya unga, unatumia kitu kingine?" Akamtazama mama, akasema hapana. Nami nikaandika hapana, akaanzishiwa methadoni. Siku ya tatu tulimkuta kwenye benchi karibu na dirisha la dawa: amezama usingizini, midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, pumzi inakuja moja moja kwa mbali. Kumbe kila jioni alikuwa akimeza dayazepamu, vidonge vya kutuliza ambavyo vikikutana na methadoni huzima pumzi. Habari za unga mama alishazijua. Vidonge vilikuwa vya bibi yake, na hilo asingelisema mbele ya mama hata kwa kisu shingoni. Alipona, lakini lile "hapana" kwenye faili ni mwandiko wangu.

Siku hizi nasema: "Shikamoo mama. Naomba dakika kumi na huyu, kisha nakuita tuzungumze wote." Wapo wanaokasirika: "Nimemzaa mimi!" Ni kweli, kamzaa. Mtafutie kiti kivulini, umsindikize mwenyewe. Naye kijana mweleze mapema mpaka wa siri: anayosema yanabaki kwako, isipokuwa ukisikia anataka kujiua au kuna mtu anamuumiza.

Kisha usimuulize "unatumia?" Jibu la swali hilo katoka nalo nyumbani. Muulize, "Leo asubuhi umetumia nini mpaka ukaweza kufika hapa?" Kete ngapi, anavuta au anajidunga, pombe je, vidonge je. Na mara ya mwisho lini: hapo usipite juu juu. Kijana aliyetoka mahabusu au soba hausi, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, mwili wake umeshasahau. Kipimo alichokuwa akikimudu zamani kinaweza kumuua.

Siku ya kwanza kwetu hatuvuki miligramu 30, hata akilia. Na atalia. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa hiyo dozi ya leo inaikuta ya jana bado ipo. Kipimo kilekile cha Jumatatu kina nguvu zaidi Alhamisi. Wiki mbili za kwanza ndizo za kuogopa. Akikosa siku tatu mfululizo, usimpe dozi yake ya zamani kwa huruma. Mwite daktari aipunguze.

Akizidiwa na dozi, naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya methadoni na unga, itamwamsha upesi, ila nguvu yake ni ya dakika 30 hadi 90 hivi, na methadoni bado inamsubiri. Ataamka na arosto, akutukane, adai kwenda zake. Usimwachie.

Wa bhangi na mirungi methadoni haiwahusu. Kwao kazi ni maongezi, tena marefu. Ila anayeanza dawa za kifua kikuu mwangalie sana: rifampisini huimaliza methadoni mwilini mapema, na akirudi analalamikia arosto watu humwita mwongo. Mimi pia niliwahi.

Yule mama wa kwanza nilimwita ndani baadaye, kijana mwenyewe akiwa ameridhia. Aliniuliza kama mwanawe akizimika tena ammwagie maji ya baridi au ampe maziwa. Nikamwambia asimwagie wala asimnyweshe kitu; amlaze ubavu, atume mtu akatafute gari, na yeye mwenyewe asitoke pale alipolala mtoto.