Mwulize Mjomba: Kwotabeki huyu atamfaa kocha wetu?

SWALI: Mjomba, shikamoo. Timu yangu ya futiboli ya Kimarekani imepata kocha mpya kutoka ukoo wa makocha akina Shanahan, Mike na mwanawe Kyle. Kwake kwotabeki, yule mrusha mpira, anasimama mgongoni kwa senta anayeuanzisha mpira, anazuga kumkabidhi mkimbiaji mpira, halafu ndiyo anarusha. Wanasema kwenye drafti, zamu ya timu kuchagua vijana wa vyuo, tutamchukua kijana mmoja wa chuo, mkono wake ni wa hatari, ila chuoni amecheza shotigani tu, yadi tano nyuma ya senta. Wenzangu wanasema kwa kocha huyu atapotea. Mimi nasema kipaji ni kipaji. Nani mkweli? (M., Minneapolis)

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Kwanza nikuambie nilivyowahi kuumbuka, ili usinichukulie kama mtume. Mwaka 2018 niliapa mbele ya watu kwamba kwotabeki Lamar Jackson hatoboi, abadilishwe awe mpokeaji. Kijana ana tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo ya 2016, mimi nabisha! Baltimore wakamchukua wa 32. Mwaka uliofuata wakamkabidhi kocha Greg Roman mashambulizi, naye akayapanga upya kuifuata miguu ya Jackson. Akakimbia yadi 1,206, akarusha pasi 36 za tachidauni, yaani za kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote 50. Nilikuwa nimempimisha kiatu cha mtu mwingine, kikambana, nikasema mguu ndio mbovu.

Sasa swali lako. Wenzako wameona kitu cha kweli, ila wamekishika upande usio na mpini. Shotigani yenyewe haina dhambi. Kwotabeki Jared Goff alitoka Chuo Kikuu cha California kwenye mashambulizi ya shotigani, akachaguliwa wa kwanza 2016, akaanza mechi saba na kufungwa zote saba. 2017 akaja kocha Sean McVay, ambaye alikulia ukocha chini ya Mike Shanahan kule Washington, na kijana yuleyule akashinda mechi 11 kwa zugazuga hizihizi zinazowatisha wenzako. Na San Francisco je? Mwaka 2021 walitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza ili wampate kwotabeki Trey Lance akiwa wa 3. North Dakota State alikotoka walikuwa wakisimama mgongoni kwa senta na kuzuga sana. Kwenye karatasi alikuwa kama ameagizwa kwa kipimo cha kocha wao, Kyle Shanahan. Lakini chuoni alikuwa ameanza mechi 17 tu. Mwaka uliofuata akavunjika kifundo cha mguu kwenye mechi ya pili ya msimu, kwa hiyo haki itendeke, hakupata muda wa kutosha. Aliyeishia kuendesha mfumo ule ni Brock Purdy, chaguo la 262, la mwisho kabisa katika drafti ya 2022.

Kwa nini Purdy? Hapa nataka twende taratibu.

Mimi nimekata video misimu sita kwa timu ya sekondari, na tabia moja imenibaki: mpira ukitoka mkononi mwa kwotabeki, nasimamisha picha. Sitaki kujua umefika au haukufika, maana matokeo yanadanganya. Namtafuta mpokeaji. Je, wakati mpira unatoka alikuwa ameshageuka, ameachwa peke yake, anapunga mkono? Basi kijana anarusha akishaona. Au alikuwa bado anatazama upande mwingine, mguu wa nje ndiyo kwanza unakanyaga ili akate ndani? Huyo, kama Purdy, anarusha kwa saa, mpira unaondoka kwa muda uliopangwa. Kocha wenu anataka wa pili. Mkono wa bunduki humsaidia wa kwanza chuoni, kwa sababu mpira unafidia muda aliochelewa. Huku kwa wakubwa mlango unafungwa kabla bunduki haijaelekezwa.

Halafu tazama macho. Katika zuga ya huyo kocha, kwotabeki anaupa ulinzi mgongo. Ananyoosha mpira tumboni kwa mkimbiaji, anauvuta, anaendelea na hatua zake, na kwa muda huo haoni kitu. Akigeuka, picha aliyoiacha siyo anayoikuta. Beki wa mwisho aliyekuwa kulia ameshuka, lainibeki, mlinzi wa katikati, aliyevutwa na zuga anarudi mbio, na mtu wa pembeni ambaye hakudanganyika anamjia usoni. Anayecheza shotigani ameona sinema nzima tangu mwanzo. Huyu anaingia ukumbini katikati, na anatakiwa aielewe papo hapo. Kijana wenu hana video nyingi za namna hiyo, sawa. Lakini hata shotigani ina zuga. Zitafute, na uhesabu hatua ngapi za ziada anazopiga akishainua kichwa kabla hajaamua. Akirukaruka pale mara mbili tatu kila mara, wenzako wana hoja.

Miguu nayo usiisahau. Mpangilio wa hatua ndiyo saa yenyewe: mguu wa mwisho ukitua, mpira uondoke. Mwenye mkono mkali mara nyingi ana miguu mivivu, hajawahi kuihitaji.

Kuna jambo moja video haitakuonyesha. Muda kati ya mchezo na mchezo ni sekunde 40, na redio ya kocha kwenye kofia hukatika zikibaki 15. Sentensi za makocha hawa ni ndefu kama anwani ya posta, tena mara nyingi zimebeba michezo miwili: huu wa kuanza, na ule wa kubadilishia ukiona ulinzi umejipanga vibaya kwako. Hadi 2023 vijana wa vyuo walitazama ishara za mikono pembeni ya uwanja; kwa wakubwa kijana lazima azisikie sikioni sentensi hizo, azirudie kwa watu kumi bila kukosea, kelele za mashabiki juu yake. Ndiyo maana namheshimu kocha Andy Reid: alimchukua Patrick Mahomes wa 10 mwaka 2017, akamwanzisha mechi moja tu msimu mzima, na 2018 tachidauni zikawa 50.

Wanaouheshimu mfumo kama msahafu nao wamesahau ulikotoka. Bill Walsh akiwa kocha msaidizi Cincinnati, mwaka 1970, alikuwa na kwotabeki Virgil Carter: akili nyingi, mlengo mzuri, mkono dhaifu. Akamshonea pasi fupi za kwenda upande kwa upande. Nguo ile ikahamia San Francisco, akavaa Joe Montana, aliyechaguliwa wa 82 mwaka 1979, na leo wajukuu wa Walsh katika ukocha wanaivalisha kila mtu. Kwa hiyo ukimaliza kumpima kijana, mpime na kocha. Huko alikotoka, alipopata kwotabeki asiye wa aina yake, alipunguza nguo au alimlaumu mwili?

Niletee mechi tano za huyo kijana, mbili ziwe alizofungwa, na katika kila mechi zile za jaribio la tatu (timu hupewa manne ya kusogeza mpira yadi kumi) wakihitaji yadi saba au zaidi. Hapo ndipo hakuna pa kujificha. Tutazitazama pamoja.

SWALI: Mjomba, kiganja kidogo kwa kwotabeki ni kasoro kweli? (Msomaji, Columbus)

JIBU: Joe Burrow alipimwa Indianapolis kabla ya drafti ya mwaka 2020, kiganja inchi 9, watu wakapiga kelele. Cincinnati wakamchukua wa kwanza, na Februari 2022 alikuwa Super Bowl, fainali ya ligi. Rula mimi siibebi. Ninachotazama ni mechi za mvua, na mpira mikononi mwake mtu anapomgonga kutoka nyuma.