Posho inakwama kifuani: je, ni asidi tu?

SWALI: Daktari, nina miaka 47, naendesha lori kati ya Malaba na Elegu. Kiungulia kimenisumbua miaka 6 sasa, nakituliza kwa omeprazoli ya duka la dawa. Tangu miezi miwili iliyopita posho (ugali) na nyama vinakwama kifuani mpaka nivisukume kwa maji. Chai inapita vizuri. Ni asidi inayoniharibu? Niongeze dozi?

JIBU: Ndugu yangu dereva, usiongeze dozi. Nenda ukapimwe, tena usingoje mwisho wa mwezi.

Umenisaidia sana uliposema posho inakwama lakini chai inapita, maana ndilo swali la kwanza ninalomuuliza mgonjwa wa namna hii. Chakula kigumu kikikwama huku vinywaji vikipita, mara nyingi njia yenyewe imebana. Kama maji na chakula vingegoma pamoja tangu siku ya kwanza, ningeshuku zaidi misuli ya umio na mishipa ya fahamu inayoiendesha.

Umio ni mrija wa sentimita 25 hivi, kutoka kooni hadi tumboni. Mwisho wake kuna msuli wa mviringo unaofunguka chakula kipite, kisha unajifunga. Msuli huo ukilegea, asidi hupanda. Tumbo lina ute mzito wa kujikinga. Umio hauna kinga kama hiyo. Unaungua, unapona, unaungua tena, na vidonda vikiwa vya kina vinaacha makovu. Umeona ngozi iliyomwagikiwa mafuta ya moto inavyojikunja ikipona? Ndivyo mrija unavyozidi kuwa mwembamba. Kwa hiyo ndiyo, asidi inaweza kukuletea haya.

Ila siwezi kukuambia ni asidi kabla ya kuona. Uganda iko katika ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika ambako saratani ya umio ni nyingi, na aina inayotawala huku kwetu inahusishwa zaidi na sigara, pombe na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Asidi ya miaka mingi nayo inaweza kubadilisha utando wa chini wa umio na kuleta saratani ya aina nyingine. Kinachoniogopesha ni kwamba omeprazoli hutuliza moto hata pale uvimbe unapokua. Mgonjwa anajiona nafuu, huku miezi inapita.

Kipimo ni endoskopi. Unalala na njaa, koo linapuliziwa dawa ya ganzi, kisha mrija mwembamba wenye kamera unaingia kwa dakika chache. Daktari anaona na kuchukua kipande kidogo cha nyama ya kupima. Ikiwa ni kovu, linaweza kupanuliwa kwa njia hiyo hiyo. Barabara yako inapita Mbale, Soroti, Lira na Gulu, kote kuna hospitali za rufaa. Anzia mojawapo, wasipokuwa na mashine, waombe barua ya kwenda Hospitali ya Mulago, Kampala.

Kwa sasa meza omeprazoli nusu saa kabla ya kifungua kinywa, si pale moto unapowaka. Nawajua madereva: muchomo (nyama choma) saa nne usiku, kisha kitanda cha lori. Kula masaa matatu kabla ya kulala, inua kichwa na kifua, lalia ubavu wa kushoto. Nyama ikate vipande vidogo, chai iache ipoe. Na kama unatumia doksisaiklini, ile dawa ya kuua bakteria, imeze umekaa wima na maji glasi nzima. Ikikwama inachoma umio yenyewe.

Ukianza kukonda, kutapika damu au kupata choo cheusi, usikamilishe safari. Na siku utakayoshindwa kumeza hata mate, egesha lori uende hospitali usiku huo huo.